Kamba Nyembamba ya Kengele

Kengele ya msiba haifanyiwi mazoezi. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoambiwa, na ndilo lililonitia hofu kuliko yote, kwa sababu mimi ni mtu wa kurudia kitu mpaka makosa yake yaishe. Ukiigonga kengele kubwa ya parokia yetu polepole, mbili, kisha kimya, mbili, kisha kimya, wanawake sokoni wataweka chini mizigo yao na kuanza kuulizana ni nani. Aliyeacha mgonjwa nyumbani atakimbia. Huwezi kutoa kichwa nje ya mnara ukawaambia samahani, nilikuwa najifunza.

Parokia iko pembezoni mwa mji wa Arua, Uganda, upande wa barabara ya Adumi. Mnara ni wa matofali ya kuchoma, umesimama peke yake mbali kidogo na kanisa, na ndani yake zinashuka kamba mbili. Kamba nene inaibembeza kengele nzima. Hiyo ni ya misa na ya sala ya Malaika wa Bwana, na mtu yeyote mwenye mikono akiivuta kwa nguvu kengele italia. Kamba nyembamba imefungwa kwenye ulimi, yaani kile chuma kinachoning'inia ndani ya kengele. Unavuta, ulimi unagonga ukingo mara moja, basi. Hiyo ni ya wafu. Mwanaume hupigiwa tatu tatu, mwanamke mbili mbili, mtoto moja moja, na kati ya kundi na kundi unaacha kimya cha kumtosha mtu kusali Salamu Maria bila haraka. Watu wa kwetu hawahitaji tangazo lingine. Wakisikia mbili wanajua kuna nyumba imefiwa na mwanamke.

Ugumu wote uko kwenye kurudi kwa ulimi. Ukishavuta usiiachie kamba, kwa sababu ulimi ukirudi wenyewe utagusa upande wa pili na kutoa mlio mwingine. Inabidi uusindikize kwa mkono, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia, mpaka utulie. Halafu ndipo uvute tena.

Mimi si mtu wa mnara. Mimi ni fundi cherehani. Nilitoka Koboko nikaja kupanga chumba kwenye boma la mpiga kengele wa parokia na mke wake, na kwenye baraza lao nikaweka cherehani yangu. Kushona sikufundishwa na mtu. Nilinunua nguo za mitumba, nikazifumua mshono kwa mshono nione zilivyokatwa, kisha nikazirudisha. Mpaka leo nafumua kuliko ninavyoshona. Sare ya shule ambayo mama wa mtoto ameshaisifu na kuikunja, mimi naiomba tena nikisema kuna kitu nataka kurekebisha kidogo. Ujumbe wa simu wa maneno matatu nauandika mara nne, halafu mara nyingine siutumi. Nasema haya mapema ili anayesoma ajue ni mkono wa namna gani ulipewa kamba ile.

Niliwaita baba na mama, kama mpangaji mwenye adabu anavyowaita wenye nyumba, na baada ya muda hayakuwa tena maneno ya adabu tu. Baba ni mtu wa hapahapa. Mama alizaliwa ng'ambo, Congo, na wao wawili tangu ujana wao walizungumza Kiswahili, kila mmoja na chake, kwa sababu ndiyo lugha waliyokutana nayo. Nami nilizungumza nao cha Koboko. Katika baraza lile palikuwa na Viswahili vitatu na hakuna aliyemsahihisha mwenzake. Hata mimi sikumsahihisha mtu, jambo ambalo kwangu ni sawa na muujiza.

Mama alikuwa na ugonjwa wa moyo. Miguu ilimvimba, pumzi ilimwishia akivuka tu ua. Hospitali walimpa vidonge, wakamkataza chumvi, wakamrudisha nyumbani, na kwa namna walivyomrudisha sote tulielewa. Yeye mwenyewe alielewa kabla yetu. Alikuwa akikaa kwenye kiti cha kamba karibu na cherehani yangu, akichambua maharage ambayo atakatazwa kuyatia chumvi, na kulalamika.

"Chakula ya hivi," alikuwa akisema, "hata mufungwa anakataa."

Siku moja baada ya misa ya asubuhi Baba aliniita chini ya mnara. Hakuzunguka.

"Binti, kuna desturi hapa. Mupiga kengele hapana pigia nyumba yake. Mtoto wetu wa kwanza alipokufa, alinipigia mwenzangu. Mwenzangu huyo sasa hayuko. Mama yako naye, wewe mwenyewe iko naona."

Nilisema naona.

"Siku ile mimi nitakuwa mtu wa kulia. Sitakuwa mtu wa kamba. Nataka mkono mwingine, na iwe tayari mbele ya siku yenyewe."

Niliuliza kwa nini asichukue kijana mmoja wa kwaya.

"Vijana?" Alicheka kwa pua. "Vijana wataleta spika."

Nilijua anachosema. Wakati mmoja Baba alipolala na malaria, mtu wa jirani alikufa, na vijana wa parokia wakatafuta sauti ya kengele kwenye simu, wakaiunganisha na spika ya kanisa. Ililia vizuri tu, kengele ya nchi gani sijui, kubwa na tamu. Lakini katikati yake ikaingia tangazo la sabuni. Mama alilisikia akiwa jikoni. Tangu siku hiyo alikuwa akimwambia kila mtu: "Mimi musinizike na redio."

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa. Nisipokuwa tayari, Mama angezikwa na spika, au angezikwa kimya. Nami nilikubali, kwa kuwa sikuweza kukataa nikiwa nimesimama mbele ya uso ule, na usiku ule sikupata usingizi.

Mazoezi tuliyafanya kwa gunia. Baba alipanda ngazi kwa pumzi zake za uzee, akaufunga ulimi wa kengele kwa vipande vya gunia na mpira wa baiskeli, ukawa mnene kama mguu wenye bandeji. Ukivuta kamba, kinachosikika ni pigo la chini tu, kama mtu anayeshusha mzigo chumba cha pili. Nje hakuna anayesikia. Na mimi, nakiri, niliupenda mlio ule. Ilikuwa kengele niliyoiota maisha yangu yote: unaigonga na hakuna anayejua kama umekosea.

Nilikuwa nikienda jioni, nikishafunga cherehani. Nilitazama video kwenye simu, watu wa nchi za baridi wakivuta kamba ndefu zenye vishikio vya rangi, wamesimama mduara, kila mmoja na kengele yake. Hazikunisaidia kitu ila kunitia wivu, kwa sababu wao wako wengi na kosa la mmoja linafichwa na wenzake. Nikapakua programu inayopima mapigo kwa wanamuziki, ile inayosema tik, tik, na nikaiweka simu kwenye tofali lililotokeza ukutani. Nikajifunza kuvuta kwenye tik na kulaza ulimi kabla ya tik inayofuata. Baba aliitazama simu kama mtu anayemtazama mgeni aliyeketi kwenye kiti chake.

"Huyu naye anajua kengele?"

"Ananisaidia nisikimbie, baba."

"Wewe hapana kimbia. Wewe iko nafikiri sana. Mkono yako inangoja kichwa, kichwa inangoja simu. Ulimi haingoji mtu."

Lakini kila aliponiuliza kama tuondoe gunia, nilisema bado. Wiki zikapita. Mvua ilianza. Bado.

Mama ndiye aliyechoka kwanza.

"Mutoto wa Koboko," aliniambia jioni moja niliporudi mnarani, "leo umepiga?"

"Nimepiga, mama."

"Mimi sikusikia kitu."

"Tumefunga ulimi na gunia."

"Basi umepiga gunia." Aliendelea kuchambua maharage. "Unajua ninawaza nini? Tangu niolewe hapa, batu wote wakikufa ninasikia kengele yao. Huyu nasema, masikini. Huyu nasema, aende tu, alikuwa na mudomo. Yangu tu ndiyo sitasikia. Haiko haki."

Nilicheka kwa sababu alitaka nicheke.

"Sicheki," alisema. "Minataka nisikie mukono yako. Mara moja. Nijue nitaenda namna gani."

Nikamweleza kile alichokijua kuliko mimi: haiwezekani kumpigia mtu aliye hai, mji mzima ungekuja kulia mlangoni. Akanitazama kana kwamba nimemwambia maji yanalowesha.

"Si umupigie mwingine, nami nisikilize. Batu hawaachi kufa."

Kweli hawaachi. Haikupita wiki mzee mmoja wa parokia akafariki, na wanawe wakaja kuomba kengele. Baba alikuja barazani, akasimama mbele ya cherehani yangu. Nilikuwa natia mkono kwenye gauni. Nilisema bado. Nilisema mazoezi ya tatu tatu sijayafanya vya kutosha, nimekazania mbili. Nilisema mambo mengi ya kiufundi. Baba hakunibishia. Alipanda mwenyewe, akaondoa gunia mwenyewe, akapiga mwenyewe, na nilimsikia akikohoa kila penye kimya. Mama alikuwa kwenye kiti chake. Aliposali Salamu Maria zake zote akasema tu, "Huyo alikuwa mwanaume. Haukukosa kitu." Lakini chai ya jioni siku hiyo hakuniita.

Kesho yake nikasafiri kwenda Koboko. Nilijiambia nakwenda kupeleka magauni ya Idd ya mabinti wa ukoo, na magauni kweli nilikuwa nayo. Lakini nilikuwa nimekimbia.

Kwetu Koboko nyumba imepakana na msikiti. Upande wa baba yangu ni Waislamu, wajukuu wa askari waliotoka Sudan zamani, na mama yangu alikuja na ukatoliki wake kutoka Congo. Walipatana kwamba wavulana wafuate msikiti na mimi nifuate kanisa, ila Idd lazima nirudi. Baba mkubwa ndiye anayeadhini pale umeme ukikatika na spika zikinyamaza, na umeme wa kwetu hukatika kwa moyo wote. Alfajiri ya Idd nilimsikia akiadhini kwa koo lake. Katikati sauti ilimpasuka, ikashuka, ikatoa mlio kama wa mlango, kisha ikapanda tena akaendelea mpaka mwisho. Nililala pale chini ya chandarua nikiona aibu kwa niaba yake.

Asubuhi, akinywa chai, nilimuuliza kwa upole alijisikiaje sauti ilipompasuka.

"Ilipasuka wapi?"

"Katikati, baba mkubwa. Kidogo tu."

Aliweka kikombe chini. "Wewe hapana kuja kuswali. Unalala ndani ya neti yako, Mkristo mzima, halafu iko napima koo yangu?"

"Samahani, baba mkubwa."

"Watu walijaa pale ndani mpaka viatu vikachanganyika. Yangu moja imepotea mpaka sasa. Hakuna hata mmoja alisema imepasuka." Akamgeukia mke wake. "Ilipasuka?"

"Mimi nilikuwa na moto ya chai," alisema mama mkubwa. "Sijui."

Alibaki amenuna mpaka adhuhuri. Niliona aibu nyingine sasa, ya kwangu mwenyewe. Hakuwa anajikaza wala kujisahaulisha. Kweli hakujua. Yeye alikuwa akiwaangalia watu wanaokuja, mimi ningekuwa nikiangalia koo. Nilijaribu kuwazia kuishi hivyo na sikuweza. Siwezi hata sasa.

Simu ya Baba ilinikuta huko. Hakusema mengi. "Mama yako anauliza unarudi lini." Kwa nyuma nilimsikia Mama akitafuta pumzi. Nikapanda gari la mchana.

Nilimkuta amehamishiwa kitanda karibu na dirisha, na dirisha limefunguliwa upande wa mnara. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama kule kwetu wanatia chumvi.

Siku zile zile akafariki mwanamke aliyekuwa akiuza samaki wakavu kwenye soko letu. Binti yake alikuja mnarani mwenyewe, kitenge kimefungwa kiunoni, macho mekundu. Nilikuwapo, na niliona jinsi jambo lile linavyofanywa. Mwenye msiba husimama nje ya mlango wa mnara na kusema, "Tunaomba kengele." Mpigaji humuuliza, "Mwanaume ama mwanamke?" Huuliza hata kama anamjua marehemu, hata kama jana alinunua samaki kwake, kwa sababu neno lile linatakiwa litoke kwenye mdomo wa aliyefiwa.

Baba aliuliza. Binti akajibu, "Mwanamke," akalia upya. Halafu Baba akanigeukia. Alinyoosha tu mkono kuelekea ngazi, nikapanda kufungua gunia.

Wakati nashuka kuishika kamba nilikuwa na wazo moja baya: kwamba dirisha liko wazi na Mama anasikiliza. Kule nje kulikuwa na binti wa watu anayestahili kengele ya mama yake, na mimi nilikuwa nampigia mwanamke mwingine aliye hai, ili anisifu. Nililijua hilo nikiwa nalifanya. Niliiweka simu kwenye tofali lake, tik, tik, nikavuta.

Sikuwa nimewahi kuisikia kengele ile nikiwa chini yake bila gunia. Haiingii masikioni. Inaingia kwenye meno. Mbili, kimya. Mbili, kimya. Ulimi ulinitii, nikaulaza, nikasikia kama natunga uzi kwenye sindano nao umepita mara ya kwanza. Mbili, kimya. Nikaanza kufurahi, naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Na kwenye kundi lililofuata, nilipokwisha vuta la pili, simu ikaanza kutetemeka juu ya tofali. Mama wa mtoto mmoja alikuwa ananipigia kuuliza sare. Niligeuza kichwa tu. Mkono ukalegea, ulimi ukarudi wenyewe, ukagusa upande wa pili.

Tatu.

Nilisimama na kamba mkononi. Kila kitu ndani yangu kilitaka kufumua. Kuanza upya kutoka mwanzo, kundi la kwanza, safi. Baba alisema kutoka mlangoni, bila kupaza sauti, "Hapana simama. Endelea mbili." Nikaendelea mbili mpaka mwisho, na niliposhuka ile hatua moja ya mlangoni nilitaka ardhi ipasuke.

Kilichotokea mjini tulikisikia alasiri, kutoka kwa binti mwenyewe aliyekuja kushukuru. Sokoni watu walikuwa wanahesabu kama kawaida. Mbili, mbili, mbili, mwanamke. Halafu tatu. Wakatazamana. Vijana wa bodaboda wakasema hapo wamekufa wawili. Mwingine, aliyemjua marehemu na mume wake mwenye kisukari, akasema, basi ni wazi, mume amesikia kengele ya mke wake, moyo umekatika, amemfuata. Habari ikatoka hapo ikiwa imekamilika. Wanaume wa upande ule wakavaa mashati, wakaenda msibani kwa kilio cha watu wawili, na wa kwanza kuingia uani akamkuta mume amekaa chini ya turubai anakunywa uji.

"Akamwambia nini?" Mama aliuliza kutoka kitandani.

"Hakusema kitu, mama. Alibaki na mdomo wazi. Baba yangu akamwambia, karibu, mimi bado niko." Binti alianza kucheka, akajaribu kujizuia kwa kitenge, akashindwa, na kicheko kikageuka kilio, kisha kikarudi. "Toka asubuhi baba hakufungua mdomo. Sasa kila mtu akija anamwambia, nishike mkono uone kama niko moto."

Nilimwomba msamaha. Nilianza kumweleza juu ya ulimi na simu, lakini hakuwa ananisikiliza. Alikuwa amemshika Mama mkono, na Mama alikuwa anamuuliza mama yake amevalishwa gauni gani.

Alipoondoka, nilibaki nimesimama nikingoja hukumu. Mama alikuwa amefumba macho.

"Mutoto wa Koboko."

"Mama."

"Yangu usiniulie bwana."

"Aniue tu," Baba alisema kutoka mlangoni. "Mimi nitabaki hapa nipikiwe na nani?"

"Unaona? Anawaza tumbo."

Walicheka wote wawili, yeye mpaka akakosa pumzi tukamwinua kwa mito. Mimi sikucheka. Alipotulia aliufunga mkono wangu ndani ya wake, uliokuwa wa baridi na wenye uvimbe, akazungumza na mimi bila mzaha, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Ile kimya ya katikati," alisema. "Bwana yangu anaifanya fupi, anakohoa. Wewe umeifanya ndefu. Iache vile. Nilimaliza Salamu Maria yangu, na minasali polepole sasa."

Nikamwambia ni simu ndiyo iliyopima.

"Basi uache simu nyumbani. Kimya uliisikia, sivyo? Hiyo ndiyo ninataka."

Nilitaka kumuuliza juu ya mapigo yenyewe, kama yalikuwa sawa kwa nguvu, kama la kwanza halikuzidi. Niliona anasinzia, nikanyamaza. Nilijivunia kunyamaza kule.

Alituaga katika mvua kubwa za mwaka ule, asubuhi, watoto wa majirani wakiwa wameshakwenda shule. Nilikuwa kwenye baraza na pini mdomoni nilipowasikia wanawake ndani wakipaza sauti. Nikazitema pini zote mkononi moja moja, kwa uangalifu, nikazichomeka kwenye kimto cha pini. Sijui kwa nini nilifanya hivyo kwanza. Kisha nikaenda mnarani bila kuingia ndani, kwa sababu nilijua kama nikimwona sitaweza. Nikapanda, nikafungua gunia, nikashuka, nikasimama.

Baba alikuja akitembea peke yake katika matope. Ule mnara aliufungua na kuufunga maisha yake yote, lakini siku ile hakuingia. Alisimama nje ya mlango, pale wanaposimama wenye msiba, maji yakimtiririka kichwani. Alivua kofia.

"Tunaomba kengele," alisema.

Na mimi nililazimika kumuuliza. Nilimtazama mtu niliyekula naye kila siku nikamuuliza, "Mwanaume ama mwanamke?" Sauti ilinipasuka katikati.

Midomo yake ilikuwa inatafuta neno.

"Mwanamke," alisema. Akavaa kofia, akageuka, akarudi nyumbani kukaa na waliofiwa.

Simu nilikuwa nimeiacha kwenye cherehani. Nilivuta. Mbili, nikaulaza ulimi, nikasali Salamu Maria kwa pumzi ya Mama, si kwa yangu, nikivuta hewa pale ambapo yeye angevuta. Mbili tena. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya mnara na sikuweza kusikia kama mlio unafika mbali. Mbili. Nadhani zilikuwa mbili kila mara. Nasema nadhani, kwa kuwa kuna mahali nililia na mikono ikaendelea bila mimi, na sehemu hiyo siwezi kuiapia. Huenda ulimi uligusa. Huenda pigo moja lilikuwa hafifu. Nilipomaliza sikuwa na njia ya kujua.

Nilikwenda msibani na swali lile kifuani kama mtu aliyemeza kokwa. Hakuna aliyelizungumza. Wanawake walinikumbatia, wakanipa kazi ya kumenya muhogo. Vijana wa bodaboda walipita na kuvua helmeti, na hakuna aliyesema wamekufa wangapi. Ningeweza kuwauliza. Lakini mtu pekee ambaye angeniambia ukweli, pigo kwa pigo, na kunitania juu yake mpaka nikasirike, ndiye aliyelala chumbani, na wanawake wanamvalisha. Alikuwa amekwisha niambia alichotaka kuniambia. Lililobaki lilikuwa langu.

Jioni nilipita mbele ya wanaume waliokaa chini ya turubai. Baba alikuwa katikati yao kwenye mkeka, mdogo kuliko nilivyomzoea. Aliinua macho aliponiona. Nilisimama. Nikafikiri, sasa ataniambia.

"Binti, umefunga mlango ya mnara?"

Sikuwa nimefunga.

"Mbuzi wa katekista wataingia kukimbia mvua," alisema. "Wanakula kamba."

Nikaweka chini sufuria niliyobeba, nikachukua khanga nikajifunika kichwa, nikarudi mnarani.